Nani Anamjibia Minza

Kulwa, pacha wangu,

Kesho shule zinafunguliwa na mwalimu mkuu anasubiri jibu langu, na jibu lenyewe sina. Tangu asubuhi roho iko juu juu. Nimeunguza maharage, nimemfokea mume wangu Masunga kwa kosa la kuku, na kanisani nilibaki nimesimama wakati wenzangu wote wamekaa. Sasa watoto wapo uani wanasukana nywele, mume wangu amelala, nami nimekaa hapa mlangoni na karatasi. Unajua mimi si msemaji. Ila nikishika kalamu, mdomo huwa unakuja.

Nianze na Minza wako, maana najua ndiye utakayemuulizia kwanza. Ni mzima. Amerefuka, miguu imekuwa ya baba yake, mirefu isiyo na nyama. Baba yake mwenyewe hatujui alipo. Tangu aende machimboni Geita hajarudi, na kwa kuwa hakuwahi kutoa hata ndama wa mahari kwa baba yetu, hakuna mtu anayekuja kumdai mtoto. Ni wetu. Analala kitanda kimoja na Limi wangu, wanakula sahani moja, na watu wa mtaani wasiojua habari zetu wanawaita Kulwa na Doto. Mwanzoni nilikuwa nageuka nikidhani tunaitwa sisi.

Ulinipa neno moja pale wodini, na nimelishika kama mboni ya jicho. Ulisema, "Doto, usiwatenganishe. Wale pamoja, walale pamoja, kama mimi na wewe." Nikaitikia kwa kichwa. Ulipoondoka wazee wakanikataza kulia kwa sauti. Walisema pacha aliyebaki akilia sana humwita mwenzake, na mwenzake huja kumchukua. Kwa hiyo sikulia. Watu walikuja kunipa pole, nami nikabaki kimya nikisubiri wewe uwajibu.

Basi niliwalea kama ulivyosema. Utacheka ukisikia kwamba nauza mitumba. Kile chama cha msingi cha pamba ambacho Masunga alikuwa karani wake kimebaki na mzani na kufuli. Pamba sasa inanunuliwa na watu binafsi, kila mmoja na lori lake, bei ya asubuhi si ya jioni, na msimu ukifika Masunga anampimia mmoja wao kule Dutwa. Msimu ukiisha tunakula marobota yangu hapa sokoni Bariadi. Na shida ya mitumba, Kulwa, ni kwamba kwenye robota zima huwezi kupata magauni mawili yanayofanana. Huko yanakotoka kila mtu huvaa lake. Sisi tulikatiwa kitambaa kimoja, mimi na wewe, mpaka kamba ya kufungia kichwa. Sasa mimi nitawavalisha nini hawa? Nikawa nampelekea fundi magauni mawili, jekundu na la buluu, namwambia ayafumue, mikono ya hili aishone kwenye lile. Kila mtoto akawa na gauni jekundu mikono ya buluu, au la buluu mikono myekundu. Fundi alidhani nimechanganyikiwa. Mimi nilijiambia Kulwa akiona atafurahi.

Shule waliianza pamoja, darasa moja. Watoto walijaa mle kama dagaa kwenye gunia, wengi wamekaa chini, na hawa wawili daima ubavu kwa ubavu. Mwalimu akimuuliza Minza, Limi anajibu. Akiletewa daftari la Minza, mwandiko ni wa Limi. Nani angejua? Mimi niliona nyumbani. Jirani akimwuliza Minza kama ameshiba, Limi anasema ameshiba. Akimwuliza anaumwa wapi, Limi anaonyesha tumbo la mwenzake, na kweli ni tumbo. Nilikuwa nasimulia jambo hilo kwa watu kwa furaha. Niliona ni mapenzi, na mpaka leo siwezi kusema si mapenzi.

Kisha tukaambiwa serikali peke yake haiwezi, wazazi tuchangie. Tukafyatua matofali, tukabeba maji, likasimama darasa jipya. Mwaka jana baada ya likizo ya Juni wakaligawa darasa la pili katikati: Limi akabaki kwenye chumba cha zamani, Minza akaangukia kwenye kile kipya, kwa Mwalimu Neema, binti mdogo ambaye amemaliza chuo juzi juzi. Hata mwezi haukwisha nikaitwa.

Aliniketisha ofisini akaniambia kwa upole, "Mama Limi, Minza hasomi. Si kwamba hawezi. Hajawahi kuulizwa kitu akasubiriwa." Akasema kila akimwuliza hata jina lake, mtoto anaangalia dirishani, na dirishani yupo Limi, ametoroka darasani kwake, anamnong'oneza mwenzake. Walimu wamemchapa Limi kwa utoro, lakini kesho yake yuko pale pale dirishani.

Nilitaka kusema mambo mengi: kwamba hawa ni mapacha ingawa hawakuzaliwa tumbo moja, kwamba mmoja ni yatima, kwamba nimeahidi. Nikageuka kushoto. Wewe ulikuwa unakaa kushoto kwangu tangu tukiwa watoto, na ofisi yoyote tuliyoingia wewe ndiye uliyesema. Kushoto kulikuwa na kabati la chaki. Neno pekee lililonitoka ni, "Warudisheni pamoja." Yule binti akatikisa kichwa. "Mchelea mwana kulia hulia yeye, mama." Nilitoka pale nimefura. Hajazaa, hajauguza, hajazika, anakuja kunifundisha kulea.

Lakini maneno yake yaliniingia, na tangu siku ile sina amani. Siku hizi kila mtu hapa mjini anajua kulea isipokuwa mimi. Mama Kabula, yule wa duka la vifaa vya baiskeli, amempeleka mwanawe wa miaka mitano bweni huko Mwanza, shule ya Kiingereza. Mtoto karudi likizo anamsalimia bibi yake kwa Kiingereza, amesimama wima, mikono mfukoni. Bibi alibaki na mkono hewani. Mama Kabula anasema dunia imefunguka, mtoto asiyeanza mapema ataachwa. Mchungaji anasema mtoto ni wa nyumbani mpaka apate akili. Mayu, mama yetu, naye anasema mtoto hukua kwa ndugu zake, mwalimu ni wa kufundisha kusoma tu, mengine hayamhusu. Nikiwasikiliza mmoja mmoja naona wote wana haki. Nikibaki peke yangu naogopa.

Mtihani wa kufunga mwaka ukaja. Limi kafaulu, Minza hakuandika kitu. Mwalimu mkuu akaniita. Ni mtu wa kwetu, anajua mambo ya Wasukuma, hataki ugomvi. Akaniambia Limi aende la tatu, Minza arudie la pili kwa Mwalimu Neema. Kisha akakuna kidevu na kusema, "Kama kwa mila zenu hawatenganishwi, sawa, wote wawili warudie. Utanijibu siku ya kufungua." Alidhani ananisaidia.

Kulwa, nilitoka nje. Nilikaa kwenye yale matofali yaliyobaki. Hayo maneno nimeyasikia mara moja maishani kabla ya siku ile, na wewe ulikuwepo.

Nilikuona vile vile ulivyokuwa, na ile blauzi yetu ya shule iliyofifia. Majina yalisomwa mbele ya ofisi ya shule, waliochaguliwa kwenda sekondari. Lako likasomwa. Tukasubiri langu, wewe umenishika mkono, mpaka mwalimu akakunja karatasi. Tulirudi nyumbani. Baba alifikiri siku mbili tatu, halafu akasema plau haivutwi na ng'ombe mmoja. Mayu akasema mapacha hawagawanywi, mmoja akipata na mwingine akikosa mkosi huingia nyumbani. Hakuna aliyekugombeza wala kukunyima kitu. Walikupenda tu, walitupenda wote. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na jembe. Ulisema, "Basi tulime." Tukaenda kulima. Msimu ule walitununulia kanga mbili za kufanana.

Nimeishi na hilo "basi tulime" lako miaka yote. Sikukuona ukilia. Ulilima, ukaimba, ukaendelea kunisemea. Dukani ulisema wewe. Kwa padri, wewe. Watu wa Masunga walipokuja na kuniuliza kama namkubali kijana wao, ulijibu wewe, "Amekubali," na ni kweli nilikuwa nimekubali, ila mpaka leo Masunga hajawahi kusikia neno hilo kinywani mwangu. Ananitania nalo. Sikuwahi kukuuliza kama moyo wako ulikwenda kule shuleni ukabaki huko. Nilingoja useme, kama nilivyongoja kila kitu.

Masunga ndiye aliyenipa wazo. Alisema tusibishane na mtu, tujaribu kuwatenganisha likizo hii tuone. Basi nikampeleka Limi kwa Mayu, kijijini Lagangabilili, akasaidie palizi, nikabaki na Minza sokoni.

Siku za kwanza zilinitesa. Mteja akimwuliza, "Mtoto, hii shati bei gani?" anageuka kutafuta mtu wa kumjibia, hayupo, anaanza kulengwalengwa na machozi. Mimi mwenyewe nikawa najizuia. Hujui ilivyo kazi kunyamaza wakati mtoto wa marehemu anakuangalia hivyo. Nilikuwa nauma upande wa kanga yangu. Mara mbili nilishindwa nikamjibia, na nikamwona uso wake ukilegea, na nikajua ndivyo wangu ulivyokuwa ukilegea.

Halafu ikatokea siku ya mnada, watu wamejaa, mwanamke mmoja anavuta sketi huku anapunguza bei mwenyewe. Minza akasema, "Hapana." Sauti ndogo, ya kukwaruza, kama bawaba iliyokaa bila mafuta. Mwanamke akasema, "Eti nini?" Akarudia, "Hapana. Mama hauzi hivyo." Yule mama akacheka akaweka sketi chini. Mimi nilijifanya nakunja suruali.

Baada ya hapo alianza kusoma. Si kusoma kwa kukaa na kitabu. Alikuwa anasoma fulana. Unajua fulana hizi za mitumba, zote zina maandishi ya Ulaya kifuani, maneno hata Masunga hayajui. Minza anaweka kidole kwenye herufi anaita moja moja, anaziunga anavyoona yeye, anapata neno ambalo halipo duniani, na anaendelea na fulana nyingine. Anakosea, tena sana. Lakini hakuna aliyemnyang'anya neno mdomoni. Nilimpa kitabu cha Limi cha darasa la kwanza akasoma mistari miwili ya Kiswahili, jasho linamtoka puani. Bado yuko nyuma, Kulwa, nisikudanganye. Ila yuko njiani, na anatembea kwa miguu yake.

Nilifurahi kwa siku chache tu. Binamu yetu alikuja na baiskeli kutoka Lagangabilili na salamu za Mayu. Limi hali. Limi anakojoa kitandani, mtoto wa miaka tisa. Limi akipewa michembe, vile viazi vikavu, anaigawa mafungu mawili, anakula lake, la pili analilinda mpaka linaliwa na kuku. Na Mayu amesema, "Mwambie Doto anawaua watoto. Mwambie Kulwa atakuja kumdai."

Kila siku nilimwogopea yule dhaifu, kumbe anayevunjika ni yule niliyemwona imara. Kwenye basi la kwenda kumchukua nilikuwa nakuomba. Nilikuwa nasema, Kulwa, usije. Kama una hasira nijie mimi, mtoto muache. Samahani kwa kukusema hivyo. Hata sasa Limi akipiga chafya tu, mimi nakuona wewe mlangoni.

Nilimkuta amekaa na jembe dogo, amekonda shingo. Mayu hakuniitikia salamu. Usimkasirikie. Alikuwa na wawili, amebaki na mmoja, na anaona nachezea waliobaki. Nilimkumbatia Limi, nikategemea ataniuliza kwa nini nimemtupa huku. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mama, nani anamjibia Minza?"

Nikamwambia anajibu mwenyewe. Hakuniamini. Akauliza tena, "Akiumwa je? Akiulizwa na mtu mkali je?" Njia nzima ndani ya basi aliniuliza hivyo hivyo, akihesabu watu wote anaowaogopa. Na mimi nikatazama ule uso wa mtoto wangu nikaona jinsi ulivyochoka. Mtoto mdogo nilimkabidhi mwenzake mzima mzima akiwa hajaota meno ya pili, nami nikawa nasifia. Wewe ulikabidhiwa mimi ukiwa na umri gani, Kulwa? Kwa vile tu ulinitangulia kutoka tumboni?

Tulifika sokoni Minza yuko na mteja. Limi akaachia mkono wangu, akakimbia, akamkumbatia, na bila kupumua akaanza kumjibu yule mteja. Minza akamshika begani. Akamwambia, "Niache, nasema mimi." Limi akageuka kuniangalia, amepigwa na butwaa. Kisha akanuna. Akaenda kukaa juu ya robota na kununa kwake, na nilipogeuka baadaye nilimkuta amelala, mdomo wazi, kelele zote zile za soko. Alilala mpaka tukafunga. Masunga alimbeba mgongoni hadi nyumbani.

Hiyo ilikuwa juzi. Jana wamegombana, jambo ambalo sijawahi kuliona kwao. Minza amekataa gauni lenye mikono ya rangi nyingine, anataka liwe la rangi moja. Limi amelia kwamba hapendwi tena. Leo wanasukana nywele. Sijui kesho. Sijui Limi akikaa la tatu peke yake kama hatarudi dirishani. Sijui Minza akichekwa kwa kurudia kama sauti ile haitarudi tumboni. Mwalimu Neema ni binti mzuri lakini ana watoto wengi mno. Mimi nimesoma la saba tu, na ndugu wa kuuliza ndiye wewe.

Lakini nimekaa hapa mlangoni mpaka kivuli kimehama, na nimeona kitu kimoja. Kesho nitaingia ofisini kwa mwalimu mkuu peke yangu. Sitaangalia kushoto. Nitamwambia Limi aende la tatu na Minza arudie la pili, na Mwalimu Neema akimwuliza Minza swali asubiri hata kama kengele italia. Nitamwambia walimu wasimchape Limi akija dirishani, wamrudishe kwa mkono, na mimi nitakuwa nje ya shule mwezi huu wa kwanza kila wakati wa mapumziko, nimpokee. Kama sauti itatetemeka, itetemeke.

Kwa hiyo ile ahadi niliyokupa kwa kichwa pale wodini naivunja kesho. Sitaki uisikie kwa Mayu. Kitandani watalala pamoja, sahani watakula moja wakitaka. Ila nakuahidi nyingine, na hii naitoa kwa mdomo wangu, nimeitamka sasa hivi hapa mlangoni hadi Limi ameinua kichwa kuniangalia: katika nyumba yangu hakuna mtoto atakayewekwa chini kwa sababu mwenzake hajapanda, wala hakuna mtoto atakayepewa mwenzake ambebe.

Kwaheri, Kulwa. Pumzika. Wazee walinikataza na nimewatii mpaka leo, ila karatasi hii imelowa, na kama ni kuita basi nimekuita, njoo unisikie jambo moja kisha urudi ukalale.

Ulipaswa kwenda shule. Ningelia. Ningelia sana, halafu ningenyamaza, na mtu angeniuliza kitu, na ningejibu.

Doto wako